Hema la Mtu Mmoja Ulilonichagulia

Mama Neema, mke wangu,

Salamu kutoka Nangara. Huku wote ni wazima. Mvua zilichelewa kidogo lakini maharage yameshika, na kuku wako yule mwenye shingo tupu ameatamia tena.

Leo nimeamua kukuandikia mbele ya watu wote, kwa sababu barua nilizokuandikia ulipokuwa hai zilikuwa fupi za kutia aibu. Zilikuwa vipande vya karatasi nilivyochana kwenye daftari la chanjo, nikawapa wachuuzi wa minadani wakuletee. Nimefika salama, ng'ombe ni wengi, nitarudi Jumapili. Basi. Tuliishi kwenye ndoa zaidi ya miaka arobaini na hayo ndiyo niliyowahi kukuandikia. Niache leo nizungumze kwa urefu, maana kuna swali uliniuliza mara mbili na mara zote mbili sikukujibu.

Nataka kuanzia mwaka ule gari la idara lilipowekwa juu ya mawe. Unaukumbuka. Petroli hakuna, tairi hakuna, betri hakuna. Gari letu la mifugo lilisimama nyuma ya ofisi mpaka kuku wa mlinzi wakawa wanataga chini ya kiti cha dereva. Madukani rafu zilikuwa tupu, na ukisikia sabuni imeletwa unakuta foleni imeshazunguka jengo. Wewe ulikuwa fundi cherehani barazani mwa duka la Bwana Salim, na mwaka ule hukukata hata jora moja jipya, kwa kuwa vitambaa havikuwapo. Ulikuwa unageuza kola za mashati na kutia viraka kwenye suruali ambazo zenyewe zilishakuwa viraka. Nguo tulifua kwa majani ya mpapai. Neema alikuwa na miaka mitatu, na Krismasi ilipofika ukamshonea gauni kutoka kwenye pazia la sebuleni. Sebule ikabaki uchi, mtoto akapendeza.

Mwaka huohuo sotoka, ule ugonjwa unaomaliza ng'ombe, ikaingia kwenye mifugo kule chini mbugani. Mkubwa wetu wa kazi akatuita, akatuambia chanjo imepatikana lakini gari ndilo hilo tunaloliona, kwa hiyo kila mtu aende kwa miguu yake. Mimi nikapangiwa upande wa Mbugwe.

Watoto wetu hawajui chanjo ya siku zile ilivyokuwa. Ilikuwa kama kichanga, haivumilii joto. Niliibeba kwenye kisanduku chenye barafu tuliyoomba kwenye jokofu la misheni, na barafu hiyo ilidumu siku mbili, ukibahatika mbili na nusu. Ikishayeyuka chanjo imekufa, na kumchoma ng'ombe dawa hiyo ni sawa na kumchoma maji. Juu ya kisanduku wakanitwisha hema la idara: turubai nene, nguzo mbili za chuma, vigingi vya chuma na nyundo yake. Bwana Salim alilipandisha kwenye mizani yake ya magunia kwa mzaha tu, likafika kilo kumi na tisa. Likilowa sijui lilikuwa linafika ngapi.

Safari ile ya kwanza hukuniona nilivyotembea, na nilikuficha. Kila nilipopata kivuli nilikaa. Nikishakaa kuinuka ni kazi, inabidi nipige magoti kwanza kama ngamia. Nilifika kwenye boma la Mzee Margwe siku ya tatu mchana. Alikuwa amekusanya ng'ombe wake na wa majirani, na walikuwa wamesimama hapo tangu jana yake bila kwenda malishoni, wakinisubiri. Nikafungua kisanduku mbele yao wote. Maji ya uvuguvugu, na chupa za chanjo zinaelea juu yake.

Nilimwambia ukweli, kwamba dawa imekufa. Hakugomba. Aliinama akatazama ndani ya kisanduku, akauzunguka mgongo wangu akautazama ule mzigo, kisha akasema taratibu, "Mwanangu, nyumba umetuletea. Dawa umeiacha njiani."

Akawaambia vijana wake wawafungulie ng'ombe.

Nilirudi nyumbani bega limechubuka, na moyo umechubuka kuliko bega. Nikakuambia naacha kazi, nitakuja kulima na wewe shamba la Singe. Ulikuwa unatunga uzi kwenye sindano, na hukunijibu mpaka uzi ulipopita. Ukaniuliza kilichonichelewesha ni miguu au mzigo. Nikasema mzigo. Ukasema basi tuuache mzigo, kazi tusiiache.

Nikasema sawa, nitalala kwa watu. Hapo ndipo ulipokasirika, nami nilikuwa sijakuona ukikasirika hivyo tangu tuoane. Ule ulikuwa mwaka wa unga wa njano, na hata huo ulipatikana kwa bahati. Ukaniambia nawajua vizuri watu wetu, wa juu na wa chini, hakuna atakayemlaza mgeni na njaa. Mgeni atapewa kilichopo, na kilichopo ni uji wa watoto.

"Utachanja ng'ombe wao halafu ule chakula cha watoto wao?" ukaniuliza.

Nilikaa nikalichua bega langu, ukaendelea kushona.

Haukupita mwezi ukasikia barazani kwamba yule mwalimu mgeni wa sekondari, mzungu mrefu aliyekuwa akipanda mlima Kwaraa kila likizo, anarudi kwao na anagawa vitu vyake. Jumamosi tukaenda, wewe, mimi na Neema mgongoni. Tukakuta mahema mawili yamesimamishwa kwenye majani mbele ya nyumba yake, na watu wamejaa wakiyatazama kama mnadani.

La kwanza lilikuwa la kijani, la watu wawili. Mtu aliweza kukaa ndani akavaa viatu vyake bila kuinamisha kichwa, na lilikuwa na milango miwili na kibaraza cha kuwekea mizigo. La pili lilikuwa na rangi ya boga lililoiva. La mtu mmoja. Mbele lilifika kiunoni, nyuma likateremka mpaka likawa urefu wa kiganja tu. Kitambaa chake kilikuwa laini kama cha mwavuli, na lilisimamishwa kwa vijiti viwili vyembamba vya alumini vinavyochomekana vipande vipande. Watu walilicheka. Mwenzangu mmoja wa ofisini alisema hilo ni jeneza, tofauti yake ni kwamba unajichukulia mwenyewe mapema.

Mimi moyo wangu ulikwenda moja kwa moja kwenye la kijani. Nilishajiona nimekaa kibarazani mwa hema langu mbugani kama mkuu wa wilaya. Wewe hukulitazama hata mara mbili. Ulinipa mtoto, ukavua kandambili, ukaingia ndani ya lile dogo kichwa kwanza, tukabaki tunaona visigino vyako. Ulikaa humo mpaka nikaona haya. Ulipotoka uliligeuza ndani nje, ukapitisha kidole kwenye kila mshono kama unavyokagua kazi ya fundi mwingine. Ukavuta kila pembe. Ukamwomba mwalimu kata ya maji, ukaimwaga juu ya kitambaa na kuinama kutazama chini. Kitambaa chenyewe hakikupitisha tone, lakini kwenye mshono wa katikati ulionyesha kwa kidole mahali panapovuja.

Kisha ukaniamuru nilale humo na viatu vyangu. Nikalala, umati wote ukinitazama. Ukapima kwa shibiri nafasi kati ya pua yangu na kitambaa. Ukauliza kisanduku cha chanjo kitakaa wapi, nikasema kichwani, ukapima na hapo kwa mkono.

Mwalimu alikuwa na mizani ya kuning'iniza, ya maabara. Dogo halikufika kilo mbili. La kijani lilikuwa kilo tano. Nikakuambia kwamba kilo tano si kitu ukilinganisha na turubai la idara. Ukanijibu kwamba kilo tatu zinazozidi ndizo barafu, na barafu ndiyo siku moja zaidi ya uhai wa dawa. Mwalimu alitikisa kichwa kukubali, akakutazama kwa heshima. Nikajaribu mara ya mwisho, nikasema la kijani lina nafasi, huwezi kujua mtu atakutana na nini njiani. Ukanisogelea ukanong'ona.

"Baba Neema, hema la watu wawili litatafuta mtu wa pili."

Uso wako haukuwa na mzaha. Tukachukua la boga.

Mwalimu hakutaka hela, maana hela siku zile ungeinunulia nini? Alitaka asali ya kwenda nayo kwao. Ukaenda Mutuka kwa baba yako, ukarudi na kopo kubwa la asali na bonge la nta ndani ya jani la mgomba. Mzee alikuja nawe kulitazama hilo hema. Akanitazama nikijiingiza na kujitoa, akauliza kama mkwe wake ameamua kuwa konokono. Alicheka mpaka akakohoa, nasi tukacheka, na nadhani siku ile ndipo aliponipenda kweli.

Nta ile uliiyeyusha kwenye kopo, ukaipaka kwa unyoya wa kuku kwenye mishono yote, kwa ndani, pole pole, kama mtu anayempaka mtoto mafuta. Ukaliacha juani likakauka. Jioni ukamwaga ndoo tatu juu yake. Mshono wa katikati ukatulia.

Hata hivyo hukuniruhusu kwenda nalo. Ukanilaza uani, majirani wakisikia. Asubuhi ya kwanza nilitoka nimelowa mgongo na magoti, wala mvua haikuwa imenyesha. Nikasema tumepewa chujio. Ukaingia, ukapapasa juu kwa kiganja, ukatoka unacheka.

"Hakuna panapovuja. Hii ni pumzi yako mwenyewe imekurudia."

Ukanieleza kwamba nimejifungia kama mkate kwenye oveni, na mtu hupumua maji usiku kucha bila kujua. Nilale mlango ukiwa wazi nusu na kile kidirisha cha nyuma kimefunguliwa, hata kama ni baridi, upepo upite juu yangu na kuondoka na unyevu wangu. Siku ya pili nikaamka nimekula baridi, lakini mkavu. Sikujua ulikotoa maarifa hayo. Uliniambia ni kutoka kwenye sufuria na mfuniko wake, kwani mimi nilikuwa sijawahi kuangalia?

Halafu ukanifunga macho kwa kanga, ukaniambia nilisimamishe hivyohivyo, kwa sababu mvua ya mbugani haisubiri mtu ajitafute. Nusu ya Nangara ilikuja kunitazama nikipapasa majani nikitafuta vigingi. Mara ya kwanza nilijifunika mwenyewe. Mara ya sita lilisimama. Vigingi vyake ulivikataa, ukasema vitapinda kwenye udongo ule mgumu, na Bwana Salim akatupa spoku za baiskeli zisizo na kazi, ukazipinda vichwa kwa koleo moja baada ya nyingine.

Safari ya pili nilitoka nalo limefungwa juu ya kisanduku, kifurushi kisichozidi mkate mrefu, na barafu umeiongeza wewe kwa kilo zile ulizoziokoa, ukaizungushia maranda ya mbao na blanketi la Neema. Nilitembea, Mama Neema. Sijui nikuambieje. Nilitembea kama mtu aliyesamehewa. Nililala njiani mara moja tu, na siku ya pili alasiri nikawa nimesimama mbele ya boma la Mzee Margwe.

Ng'ombe hakuwa amewakusanya. Alikuwa amekaa anachonga mpini wa jembe, na hakuinuka. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua macho. Akaniambia ng'ombe wa jirani yake wa upande wa mto wameanza kufa, macho yanawatoka machozi na midomo imeoza. Akasema wake hatawasimamisha juani mara ya pili kwa ajili ya maji.

Sikubishana naye. Nilifungua kisanduku, nikachukua kipande cha barafu kikubwa kama yai la bata, nikamwekea kiganjani. Alishtuka, akakihamisha mkono huu na huu. Mkewe akaja akakigusa, kisha akakichukua na kukilaza shavuni, akafumba macho. Jua lilikuwa kali hata mbwa walikuwa wameingia ndani. Mzee Margwe akakirudisha mkononi mwake akakitazama kikiyeyuka, maji yakimpita vidoleni, mpaka kikaisha. Hapo akainuka akaenda kuwaita vijana wake.

Tulichanja mpaka jua likazama. Mara ikaja mvua ile ya mbugani inayotembea kama kundi la nyumbu, unaisikia kabla hujaiona. Mzee alinitaka niingie kwake. Nikachungulia: watoto sita, moto mdogo, sufuria moja. Nikamshukuru, nikaenda kusimamisha la boga penye mwinuko, mgongo wake mdogo ukielekea upepo kama ulivyonifundisha. Upepo uliliinamisha mpaka kitambaa kikanigusa uso. Nilishika kijiti cha mbele kwa mikono miwili, nikashika na nikashika. Mishono yako haikupitisha hata tone.

Asubuhi Mzee Margwe alikuja na fimbo kunitafuta, akidhani nimepeperushwa. Akanikuta nimekaa nje nachemsha maji, chanjo zilizobaki ziko salama kichwani mwa hema. Akakigonga kitambaa kwa kidole, akauliza nyumba hii imeshonwa na nani. Nikasema mke wangu. Sikuona kama nimesema uongo.

Sotoka ilipita kwenye maboma yale mwezi uliofuata. Kwa Margwe alikufa ndama mmoja tu, aliyezaliwa baada ya siku ya chanjo. Yule jirani wa upande wa mto alibaki na ng'ombe wawili. Na yeye alikuwa miongoni mwa waliokusanya mifugo yao safari ile ya kwanza. Nilikutana naye mnadani, akanisalimia vizuri, akaniulizia watoto. Nilishindwa kula siku ile. Nilipokusimulia, hukuniambia si kosa langu. Ulinishika mkono, ukaniuliza safari nyingine ni lini ili utafute barafu mapema.

Nilitembea na hema lile misimu mitano. Uliyonifundisha wewe yalinifaa, na niliyopuuza kila moja lilirudi nyumbani kwako likiwa tundu. Nililisimamisha chini ya mgunga kwa kupenda kivuli, miiba ikatoboa sakafu. Nikalala kwenye njia ya ng'ombe kwa uvivu wa kusogea, na alfajiri dume moja likapitisha kwato pembeni mwa sikio langu. Siku moja nilificha kipande cha nyama kavu chini ya kichwa, nikaamshwa na fisi akivuta pembe ya kitambaa kama mtu anayevuta shuka. Ulitia kiraka cha suruali yangu ya kaki, ukatia cha gauni la Neema lililokuwa pazia. Hukuwahi kuuliza nilikuwa nafanya nini. Ulitazama tundu, ukajua.

Sasa nifike kwenye lile swali.

Mwaka wa pili wa hema uliniambia unataka kuwaona watu hao ninaowasemea kila siku. Tukamwacha Neema kwa mama yako, tukashuka pamoja, umebeba jogoo wa zawadi kwenye kikapu. Mke wa Margwe alikupokea kama dada yake aliyepotea. Ulilala kwake, mimi nikalala hemani. Asubuhi mlikaa mkichambua mboga, na mimi nilikuwa zizini nikakusikia umecheka, kisha ukanyamaza ghafla.

Tulipoanza safari ya kurudi hukusema neno. Tukapita tambarare yote, tukaanza kupanda, huna neno. Nilidhani ni uchovu. Tulipokaa kunywa maji ndipo ukaniambia alichokuambia yule mama. Kwamba mumeo ni mtu mzuri, lakini kila jioni akishaingia kwenye nyumba yake ya boga anazungumza na mtu, kwa sauti ya chini, na mara nyingine anacheka. Wao kwanza walidhani anasali. Halafu wakasikia anasema "mke wangu."

Ukanitazama. "Baba Neema, kule hemani unazungumza na nani?"

Nilikuwa na jibu, nalo lilikuwa rahisi, na lilikataa kutoka. Nikasema huwa nahesabu ng'ombe niliochanja siku hiyo, nisije nikasahau kuandika.

"Unawahesabu kwa sauti ya kubembeleza," ukasema, ukainuka, ukajitwika kikapu.

Hukuliuliza tena. Miaka ikaenda. Petroli ikarudi, nikapewa pikipiki, na baadaye gari. Watoto wakaongezeka wawili, wakakua, wakaoa na kuolewa. Hema likawekwa juu ya kabati, kisha panya wakalimaliza kwa kupenda nta yako. Tulilitupa bila maombolezo, maana tulikuwa na mambo mengi.

Kisha ukaugua. Wiki ya mwisho wodini ulikuwa unasinzia na kuamka, na siku moja ukaamka macho yako yakiwa angavu kabisa, kama ya binti niliyemwoa. Ukasema, "Kule mbugani. Ulikuwa unazungumza na nani?" Miaka yote ile ulikuwa nalo moyoni. Nilifungua mdomo. Nesi akaingia na dawa, akaniomba nipishe, na niliporudi ulikuwa umelala. Kesho yake hukuweza kuzungumza wala kunisikia. Keshokutwa yake ukaondoka.

Nilikuwa nazungumza na wewe, Mama Neema.

Hakuna mwingine aliyewahi kuwamo. Nilikuwa naogopa, na hili sijamwambia mtu. Nilikuwa mtu mzima, bwana mifugo, mwenye sindano na mamlaka, na kila giza lilipoingia mbugani moyo wangu ulikuwa unapiga kama wa mtoto. Basi nikishafunga mlango nusu nilianza kukueleza. Leo nimekutana na fulani. Leo nimekula hiki. Kamba ya upande wa upepo nimeifunga hivi, unaonaje? Nilijua ungenijibu nini, nikajijibu kwa maneno yako, na mara nyingine maneno yako yalinichekesha. Nikimaliza, usingizi ulikuja. Nisipokueleza, sikulala. Nililelewa nikiambiwa kwamba mwanaume haogopi, na hata akiogopa hamwambii mkewe kwamba bila yeye hawezi kufumba macho. Kwa hiyo nikasingizia ng'ombe. Nikakuacha utembee na shaka ile maisha yako yote, wewe ambaye hukuwahi kunipa sababu ya kukushuku hata kwa dakika moja. Hilo ndilo kosa langu kubwa kwako, kuliko mengine unayoyajua. Nisamehe.

Tangu tulipokuzika, miezi minane sasa, nimekuwa nikilala sebuleni kwenye kochi. Watoto wakiniuliza nasema ni mgongo. Chumbani nilikuwa naingia mchana tu kuchukua nguo. Pasaka Neema alikuja kukaa nami. Hakunisema. Alifua mashuka, akalianika godoro juani, akakitandika kitanda, akaweka mto mmoja upande wangu na mmoja upande wako, akaenda zake jikoni kama hakuna alichofanya. Ana ukimya wako kabisa.

Juzi baada ya chakula nikaingia. Nikalala upande wangu, nikakuachia wako. Halafu nikaanza kukueleza, kwa sauti, bila kujificha: maharage yameshika, kuku ameatamia, mbuzi wa jirani ameingia tena kwenye bustani yako na nimemfukuza kwa kandambili. Nilizungumza mpaka nikachoka. Kule sebuleni Neema alikuwa anasikiliza redio, nikasikia ameipunguza sauti.

Asubuhi akaniwekea chai, akakaa mbele yangu, akauliza kama ambavyo ungeuliza wewe, "Baba, jana ulikuwa unazungumza na nani?"

Nikamwambia, "Na mama yako."

Pumzika, mke wangu. Mengine nitakueleza jioni.

Mumeo,
Baba Neema